Ukiondoa Nyama, Weka Kunde

   

Leo tunazungumza juu ya chakula. Nataka tuzungumze habari ya kuacha nyama, au kuipunguza sana, na kurudi kwenye vyakula vya shambani kwa ajili ya afya zetu. Najua hapo hapo kuna mzee amesema, "Haya ni mambo ya Wazungu, sisi tumezaliwa tukaikuta nyama." Mzee wangu, nivumilie kidogo. Nataka nikuulize swali moja, na jibu lake liko hapa hapa Unyanyembe, Tabora yetu hii.

Mpagazi wa Kinyamwezi alikuwa anakula nini?

Tuitazame kazi yake kwanza. Katika karne ya 19, kabla reli haijafika hapa mwaka 1912, karibu mizigo yote kati ya pwani na bara ilikwenda kwa mabega ya watu. Kutoka Bagamoyo mpaka Tabora ni zaidi ya kilomita 800. Mpagazi alizitembea kwa miezi mitatu, wakati mwingine zaidi, akiwa na mzigo wa frasila mbili, yaani kilo 30 na ushei: pembe za ndovu kuelekea pwani, vitambaa, shanga na nyaya za shaba kurudi bara. Wengine waliendelea magharibi hadi Ujiji, wakavuka ziwa. Na kila mwaka walikuwa maelfu kwa maelfu.

Sasa posho yake ilikuwa nini? Ilikuwa nafaka. Kibaba kimoja kwa siku, kama robo tatu ya kilo hivi. Mtama, uwele, mahindi, na mchele mahali ulipopatikana. Juu yake aliongeza alichokipata kwa wenyeji njiani: kunde, karanga, njugu mawe, viazi vitamu, mihogo, maboga, mboga za majani, asali ya msituni. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, ndiyo Tabora hii, mwezi Novemba 1857, walikuta mashamba ya mpunga mabondeni na nafaka za kila aina. Misafara ilikuwa inapumzika hapa wiki nyingi, maana hapa ndipo chakula kilipokuwa. Hata miembe hii tunayokaa chini yake ni sehemu ya habari hiyo hiyo. Mbegu zake zilipanda kutoka pwani pamoja na wafanyabiashara.

Na nyama je? Nisiwadanganye. Nyama waliipenda sana. Mnyama akipigwa mwituni, msafara mzima ulisimama, watu wakala mpaka usiku, na iliyobaki ikakaushwa juu ya moto. Lakini hiyo ilikuwa siku moja moja. Siku zote zilizobaki, nguvu ya kubeba frasila mbili kutoka hapa mpaka baharini ilitoka kwenye nafaka na mikunde.

Kwa hiyo mzee wangu, ninachokiomba leo hakijatoka Ulaya.

Sasa naomba tuelewane, naongea na nani. Kama wewe ni mtu ambaye nyama unaiona sikukuu ya Idd na Krismasi, mazungumzo haya hayakutaki uache kipande hicho. Wataalamu wa mifugo wanaposema Mtanzania wa kawaida anakula nyama kidogo, wanasema kweli. Lakini wastani huchanganya watu wawili tofauti. Yuko mama wa kijijini ambaye mwezi mzima unapita hajaonja, na yuko mwenzake wa mjini anayekula mara tatu kwa siku. Mimi leo naongea na huyo wa pili.

Mnamjua. Asubuhi anaanza na supu, kongoro au utumbo, chapati mbili pembeni, na chumvi anaongeza mezani kabla hajaonja. Mchana wali na nyama ya kuchemsha. Jioni, akitoka kazini, mishikaki na chipsi, au kilo ya choma na wenzake, na chumvi nyingine tena pembeni ya sahani. Mboga ya majani ameiona wapi? Kijiko kimoja pembeni ya wali, na mara nyingi anakiacha. Mpagazi alikuwa anatembea kutwa. Huyu wetu anakwenda kazini kwa bodaboda, anakaa kwenye kiti mpaka jioni, anarudi kwa bodaboda. Halafu siku moja anapima presha, anaambiwa imepanda. Kidole gumba cha mguu kinavimba usiku, anaambiwa ni gauti. Baada ya muda ni kisukari. Anauliza, "Daktari, nimelogwa?"

Hapana, ndugu yangu. Tukitazame unachokula.

Nyama nyekundu, hasa yenye mafuta, huongeza lehemu katika damu, na lehemu ndiyo inayoziba mishipa ya moyo. Nyama na hasa maini, figo na supu nzito huongeza asidi ya yuriki, na hiyo ndiyo inayomchoma mwenye gauti kwenye viungo. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba nyama za viwandani, kama soseji, zinasababisha saratani ya utumbo mpana, na nyama nyekundu yenyewe wakaiweka kwenye kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha. Hawakusema kipande kimoja kinaua. Walisema kadiri mtu anavyokula zaidi siku hadi siku, ndivyo hatari inavyoongezeka. Na chumvi tunayoishushia nayo nyama hiyo ina kesi yake. Shirika hilo hilo linatushauri tusizidi gramu 5 kwa siku, sawasawa na kijiko kimoja cha chai, chumvi ya chakula chote cha siku nzima ikiwa humo.

Sasa tumefika kwenye jambo ninalotaka ulishike leo. Kama utasahau mengine yote, hili usilisahau.

Ukiondoa nyama, weka kunde.

Narudia. Ukiondoa nyama, weka kunde. Kwa nini nasisitiza? Kwa sababu wengi wanaojaribu kuacha nyama wanaondoa nyama tu, halafu pengo lile wanalijaza kwa ugali mkubwa zaidi wa sembe nyeupe, chapati, chipsi na soda. Baada ya mwezi wanapima, sukari iko juu kuliko mwanzo, nao wanasema, "Mboga zimenidhuru." Hazikukudhuru mboga. Chipsi ni za mimea, soda haina nyama hata kidogo, maandazi pia. Chakula cha mimea kinachotibu na chakula cha mimea kinachoumiza vyote viko soko moja.

Ninaposema kunde nawahesabu na ndugu zake wote: maharage, choroko, dengu, mbaazi, njugu mawe, na karanga pia. Hawa ndio wenye protini ya kujenga mwili. Nafaka peke yake ina upungufu fulani katika protini yake, na kunde zina kile kile ambacho nafaka imepungukiwa. Vikikutana katika chakula chako cha siku, mwili unapata kamili. Bibi zetu waliopika kande hawakusomea lishe chuoni, lakini chungu chao kilikuwa sahihi.

Hebu nikuulize. Umewahi kupita Igunga wakati dengu zinavunwa kwenye zile mbuga za udongo mweusi? Unajua zinakwenda wapi? Nyingi zinapanda magari, zinapanda meli, zinakwenda India na kwingineko, kwa watu ambao kwao dengu ndiyo kitoweo cha kila siku, tangu mtoto mpaka mzee. Huko kuna mamilioni ya watu ambao hawajaonja nyama tangu kuzaliwa, na dengu za kwetu zinasaidia kuwalisha. Sisi tuliozilima tunaziona ni zao la kuuza. Mimi jambo hili linaniuma.

Kuna waliopima kitaalamu tofauti ya chakula cha asili na chakula cha mjini? Wapo, tena hapa hapa Tanzania. Mwaka 2025 watafiti wa hospitali ya KCMC ya Moshi, pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walitoa matokeo ya jaribio walilolifanya kwa wanaume 77 wenye afya mkoani Kilimanjaro. Wale waliozoea chakula cha kijijini, mboga za majani, maharage, ndizi na nafaka zisizokobolewa, walipewa kwa wiki mbili chakula cha mtindo wa mjini: soseji, mkate mweupe, chipsi. Wale wa mjini wakapewa chakula cha asili. Damu zao zikapimwa. Wiki mbili tu, ndugu msikilizaji! Waliohamia kwenye soseji na chipsi, miili yao ilianza kuonyesha dalili za uvimbe wa ndani, ule usioonekana kwa macho ambao huandaa njia ya kisukari na maradhi ya moyo, na kinga zao zikalegea. Waliorudi kwenye chakula cha asili, dalili hizo zikashuka. Na wiki nne baadaye baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yamo mwilini.

Wengine walilihisi jambo hili zamani zaidi. Daktari Hugh Trowell alifanya kazi Kenya na Uganda karibu miaka 30. Katika miaka hiyo, mgonjwa Mwafrika mwenye maradhi ya mishipa ya moyo alikuwa adimu kiasi kwamba alipompata mmoja Uganda, aliandika habari zake katika jarida la madaktari. Hiyo ilikuwa mwaka 1956. Mwenzake Denis Burkitt, daktari wa upasuaji wa hospitali ya Mulago, Uganda, mwaka 1961 aliendesha gari maelfu ya maili mashariki na kusini mwa Afrika akiuliza hospitali kwa hospitali juu ya uvimbe wa taya za watoto. Baadaye aliendelea kuziuliza hospitali za misheni juu ya maradhi mengine, akaona kwamba saratani ya utumbo mpana na uvimbe wa kidole tumbo, vilivyojaa Uingereza, huku kwetu vilikuwa nadra. Yeye na Trowell wakasema sababu kubwa ni nyuzinyuzi: zile pumba za nafaka, maganda ya kunde na majani ambayo hayayeyushwi tumboni lakini yanausafisha utumbo na kuulisha. Nyama haina nyuzinyuzi hata chembe. Na sembe iliyokobolewa mpaka ikawa nyeupe imeziacha mashineni, zikaenda kulisha kuku.

Haya, twende jikoni, maana najua akina mama wananisubiri hapo.

Anza na nsansa. Wengi wenu mnaijua, lakini vijana wa mjini wengine wanaiona sokoni wanapita. Majani ya kunde yanachumwa wakati wa mvua yangali machanga, yanachemshwa kidogo, yanaanikwa juani mpaka yanakuwa meusi na makavu, yanawekwa. Kiangazi, wakati mchicha umekuwa ghali, unachukua konzi mbili, unaosha vizuri kutoa mchanga, unachemsha mpaka zilainike. Karanga umeshakaanga kidogo na kutwanga. Unazikoroga na maji ya vuguvugu, unamimina, halafu unapunguza moto. Hapo usiondoke. Koroga taratibu mpaka uone mafuta ya karanga yanaanza kutoka yenyewe juu ya chungu. Hayo ndiyo mafuta yake, huhitaji kuongeza mengine. Nyanya moja, kitunguu, chumvi kidogo sana. Ukila hiyo na ugali wa mtama au wa dona, hutauliza nyama iko wapi.

Karanga lakini tuziangalie. Mwaka 2016 wenzetu wa Dodoma na Manyara walipoteza watu kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi, na karanga nazo hushambuliwa na kuvu hilo hilo. Kwa hiyo usinunue karanga zilizosagwa tayari kama hujui zilitoka kwenye karanga gani. Nunua nzima. Chambua. Iliyokunjamana, iliyobadilika rangi, yenye ukungu, chungu mdomoni, tupa. Kupika hakuiondoi sumu hiyo.

Njugu mawe na maharage tatizo lake ni mkaa. Mama ananiambia, "Mwanangu, kilo ya njugu mawe inamaliza debe la mkaa, afadhali nyama." Ana haki. Loweka tangu jioni, mwaga maji yale asubuhi, weka maji mapya. Zikishachemka vizuri kwa muda, epua sufuria, ifunike kwa blanketi au iingize kwenye kapu lililojazwa matambara, itaendelea kuiva yenyewe. Pika za siku mbili au tatu kwa mara moja. Na wale mnaotia magadi ili ziive haraka, kama nyumbani kuna mwenye presha, acheni. Magadi yana sodiamu ile ile iliyo kwenye chumvi.

Jambo jingine dogo, lina faida kubwa. Madini ya chuma yaliyo kwenye kunde na majani hayaingii mwilini kwa urahisi kama yale ya nyama. Kamulia limau juu ya mboga, au kula embe, pera au chungwa pamoja na chakula, yataingia vizuri zaidi. Chai ya rangi inayazuia. Kwa hiyo chai usiishushie na chakula, isubiri saa nzima.

Sasa nije kwenye tahadhari, na hapa naomba mnisikilize kwa makini sana.

Kwanza watoto. Mtoto anayeanza kula, na mtoto mdogo kwa jumla, tumbo lake ni dogo na mwili wake unajengwa. Usimnyime maziwa, mayai na dagaa kwa sababu baba ameambiwa apunguze nyama. Mama mjamzito na anayenyonyesha vivyo hivyo. Watoto waliodumaa tunao, na sitaki mtu anisikie leo akaenda kuongeza mwingine.

Pili, kuna vitamini inaitwa B12. Hii haimo kwenye kunde, haimo kwenye mchicha, wala kwenye uyoga wetu mtamu wa miombo. Inatoka kwenye vyakula vya wanyama. Ukila mtindi, mayai au dagaa wa Kigoma mara kwa mara, unaipata. Lakini ukiamua kuacha vyote kabisa, kama wanavyofanya baadhi ya watu, basi ni lazima umeze vidonge vya B12. Usipofanya hivyo, hutaona kitu mwaka wa kwanza, pengine hata wa pili. Baadaye damu inapungua, miguu inakufa ganzi, kumbukumbu inachakaa. Baadhi ya majirani zetu Wasabato hawali nyama kabisa, na huko Marekani Wasabato wamefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi. Wasiokula nyama kati yao wameonekana kuwa na kisukari kidogo na presha kidogo kuliko wenzao. Lakini wengi wao wanatumia maziwa na mayai, hilo pia tulijue.

Tatu, wewe unayemeza dawa za kisukari au za presha. Usibadilishe chakula chote ghafla kimya kimya. Sukari inaweza kushuka sana ukiwa bado unameza dozi ile ile ya zamani, ukaanguka. Nenda kliniki unakotibiwa, mwambie daktari au muuguzi, "Nimepunguza nyama na chipsi, nakula kunde na dona." Atakupima, na kama dozi inahitaji kupunguzwa, atapunguza yeye. Mwenye maradhi ya figo naye aulize kwanza, maana maharage na baadhi ya mboga vina madini ambayo figo mbovu hushindwa kuyatoa.

Kuna swali moja huwa naulizwa kila tukigusa habari hii. Mgeni akija je? Na harusini? Ndugu zangu, heshima ya mgeni kwetu ni kuku, na pilau la harusi lina nyama. Sijasema tuvunje heshima hiyo. Kula kwa mgeni, kula harusini, shukuru. Maradhi haya hayaletwi na harusi moja. Yanaletwa na Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Anza kuondoa supu ya asubuhi, weka uji wa uwele au viazi vitamu vya kuchemsha na karanga. Kisha ondoa nyama ya mchana, weka maharage au choroko. Jioni itakuja yenyewe, wala usigombane na mtu nyumbani.

Na akina baba, neno moja kwenu. Msirudi leo jioni mkamwambia mama, "Kuanzia kesho hapa hakuna nyama," halafu pesa ya kitoweo mkaipunguza. Pesa ile ile iende kununua njugu mawe nzuri, karanga nzima, nyanya, matunda ya watoto. Na kulowekwa kwa maharage jioni siyo kazi ya mama peke yake. Maji na bakuli kila mtu anajua vilipo.

Mvua zetu zinaanza Novemba. Mbegu ya kunde haihitaji shamba kubwa, ukingo wa ua unatosha, na katikati ya mahindi inakaa vizuri. Baada ya wiki nne hivi unaanza kuchuma majani machanga, usichume yote kwenye shina moja. Yatakayozidi, chemsha, anika, weka nsansa yako ya kiangazi. Mashina mengine yaache yatoe maganda, na kunde zikishakauka tenga mbegu za mwakani kabla hujaanza kupika.